Likasi 1992: neno lilipopewa kipaza sauti

Katika Kiswahili cha Katanga, kilulu ni mdudu, na wingi wake ni bilulu. Ni neno la nyumbani. Bilulu wanaingia ndani ya maharagwe, wanakula mahindi shambani, na mama anaanika unga juani ili bilulu watoke. Hakuna mtoto wa Kikula au wa Panda asiyelijua.

Lakini mtu wa Likasi mwenye miaka 45 na zaidi akilisikia neno hilo likiitwa juu ya watu, ananyamaza kwanza. Anakumbuka mwaka 1992. Na kwa kuwa maneno ya namna hiyo yanatembea tena, sasa ndani ya telefoni, katika makundi ya WhatsApp ya kartie, ya vyama, ya parokia na ya wanafunzi wa zamani, inafaa historia ile ielezwe tena. Inawahusu hasa wale wanaoitwa maadimini, watu wanaofungua kundi, wanaoingiza watu na kuwatoa. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule, au walikuwa wangali mgongoni mwa mama.

Likasi ni mji wa watu wa kuja, na hilo si siri. Ardhi ni ya Wasanga na majirani zao, ambao waliyeyusha shaba zamani sana kabla ya mzungu kufika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji uliokua karibu na migodi yake ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa waliosimamisha kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. (Wageni wengi wanajua Jadotville kwa sababu ya filamu ya mwaka 2016 juu ya askari wa Ireland waliozingirwa hapa Septemba 1961. Zile zilikuwa siku chache. Yaliyotokea 1992 hayana filamu.)

Kampuni ilihitaji mikono ya kazi. Reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, Kasai ikawa karibu na Katanga. Wakashuka Waluba wa Kasai, Wasongye, Walulua, Wakanyoka, juu ya wale waliokuwa wamekwisha kuja kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Waliwekwa kambini, familia kwa familia, ukuta kwa ukuta. Kiswahili kikawa lugha ya uwanjani, ya kazini na ya watoto. Mtoto aliyezaliwa Shituru mwaka 1950 na baba wa Kabinda na mama wa Kambove alikuwa mtu wa Likasi tu.

Watu waliobanana hivyo hawawezi kuishi bila kusemana, na hawakujaribu. Walichofanya ni kuweka taratibu.

Upande wa Wabemba na jamaa zao, walioko Zambia na kusini mwa Katanga, kuna kitu kinachoitwa bunungwe. Ni utani wa ukoo na ukoo. Mtu wa ukoo wa mamba na mtu wa ukoo wa samaki ni watani, kwa sababu mamba anakula samaki. Chui na mbuzi vilevile. Mtani anaweza kukuambia mbele ya watu neno ambalo mwingine akilisema pataruka ngumi. Anaweza kukucheka kichwa, nguo, hata ndani ya msiba. Mwingereza Audrey Richards, aliyekaa kwa Wabemba katika miaka ya 1930, aliandika kwamba haki hiyo ya kutukana inakwenda pamoja na kazi nzito: watani ndio wanaozikana. Aliyekucheka jana, leo anashika maiti ya baba yako na kuingia kaburini.

Mijini utani ule ulitoka kwenye koo ukaingia kwenye makabila. Luanshya, mji wa shaba ng'ambo ya mpaka, vijana wa Kibisa walikuwa wanacheza ngoma ya kalela siku za mapumziko, wamevaa nguo za kupigwa pasi, na nyimbo zao zilicheka makabila mengine moja baada ya jingine. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliandika kitabu juu ya ngoma hiyo mwaka 1956. Jambo la kuangalia ni nani alikuwa anasikiliza. Waliochekwa walikuwa wamesimama pale pale, katika duara moja na wengine, wanaangalia na kufurahi. Walikuwa na uso, na walikuwa na mdomo wa kujibu. Mwimbaji naye alijua kwamba kesho saa kumi na mbili asubuhi atashuka mgodini pamoja na hao hao.

Siasa ilianza kuharibu mambo hayo mapema. Mwaka 1957, Wabelgiji waliporuhusu uchaguzi wa kwanza wa komini katika miji michache, Jadotville ikiwemo, watu wa kuja walifanya vizuri sana. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, viti vingi vya bulgumesti vilikwenda kwa watu waliotoka nje ya Katanga. Mwishoni mwa 1958 ikazaliwa CONAKAT, chama cha wale waliojiita Wakatanga wenyewe, na Moïse Tshombe akakiongoza. Halafu ikaja kujitenga kwa Katanga, kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Maneno mawili, mwenyeji na mgeni, yalitoka vitani yakiwa na uzito ambao hayakuwa nao kabla. Tarehe 7 Juni 1966 serikali ya Mobutu ilitoa sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Sheria hiyo isisahauliwe, kwa maana miaka 26 baadaye ilikuwa bado ipo na hakuna aliyeifungua.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu waliokuwa wamefunga mdomo miaka 25 wakaanza kusema. Magazeti yakaota, vyama vikaota, kila uwanja ukawa na mkutano. Ilikuwa furaha ya kweli na isidharauliwe. Lakini mtu aliyezoea kunong'ona, akipewa kipaza sauti kwa ghafla, hajui bado kinakwenda umbali gani.

Gabriel Kyungu wa Kumwanza alijua. Huyu hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu ile barua maarufu ya Novemba 1980 ya kumkosoa, na aliteswa kwa ajili hiyo pamoja na Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai. Maana yake ni kwamba mtu huyu alikuwa amelipa bei ya uhuru wa kusema, bega kwa bega na Mkasai. Novemba 1991 akawa gavana wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na mkubwa wake katika chama cha UFERI, Nguz a Karl-i-Bond, akawa waziri mkuu. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ukamchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz. Hapo kamba ikakatika.

Katika mikutano ya gavana na katika redio ya jimbo, Wakasai waliitwa bilulu. Walisemwa kuwa ndio wanaokula kazi, nyumba na vyeo vya watoto wa Katanga. Africa Watch, tawi la Human Rights Watch, lilichunguza mambo hayo na kutoa ripoti mwezi Juni 1993, na kichwa cha ripoti kinahusu kuchochea chuki. Si ripoti ya vita tu. Ni ripoti ya maneno pia.

Lugha ile ilikuwa ya watu wote. Gavana hakutumia Kifaransa cha ofisini. Alisema kwa Kiswahili cha Katanga, kwa vichekesho, kwa mafumbo, kwa jinsi watu wanavyosemana mlangoni. Watu walicheka. Inasikitisha, lakini inabidi isemwe: mwanzoni ilisikika kama utani. Ila duara la kalela halikuwepo tena. Aliyechekwa alikuwa ndani ya nyumba yake, anasikiliza redio, na redio haijibiwi. Mwenye kusema hakuwa na deni la kumzika mtu yeyote. Alikuwa na polisi, alikuwa na ofisi, alikuwa na vijana wa chama. Mtu aliyepaswa kusimama mlangoni na kusema "hapa basi" ndiye aliyekuwa ameshika kipaza sauti.

Kuanzia Septemba 1992 vijana wa UFERI waliingia nyumba kwa nyumba Likasi. Milango ilivunjwa, vitu vikachukuliwa, nyumba zikachomwa au zikapata wenyewe wapya. Watu waliuawa. Familia za Kikasai zilikimbilia mashuleni na kwenye kituo cha treni, maelfu kwa maelfu, zikakaa pale majuma na miezi zikingoja mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Walilala chini, mvua ikawakuta. Surua na kuhara vikaua watoto. Médecins Sans Frontières walifika kufanya kazi pale. Treni nazo zilikwenda pole pole sana, na wengine walifia njiani. Kolwezi ilifuata mwaka 1993. Kwa jimbo zima, waliofukuzwa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona Kasai, kwa sababu walizaliwa hapa, na baba zao vilevile.

Si wote waliofuata. Kuna waliomficha jirani chini ya kitanda, kuna mama wa Kisanga aliyesema watoto wa mke mwenza ni wake. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake, walikusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za watu wa pande zote mbili, na mwaka 2005 yeye na Marcel Ngandu Mutombo walitoa kitabu juu ya kuishi pamoja Katanga.

Ni lazima pia kusema haki juu ya malalamiko yenyewe. Vijana wa Katanga wa wakati ule walikuwa na jambo. Gécamines ilikuwa inaanguka. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, na kuondoka kwa mafundi Wakasai kukamalizia. Kijana aliyekaa bila kazi akiuliza nani anaajiri na kwa kigezo gani, anauliza swali la halali. Swali kama hilo lina jibu: mtu anaweza kuleta hesabu, kubisha, kukubali kosa, kugawa upya. Lakini ukishasema fulani ni mdudu, umefunga maongezi, kwa sababu mdudu haulizwi kitu. Anapigwa dawa.

Kwa adimini wa leo, somo gumu liko hapo. Wengi wanadhani kulinda heshima ni kufuta kila neno lenye moto. Hapana. Swali la kazi, la nyumba, la ardhi, la nani anapata kandarasi ya mgodi, hata likiandikwa kwa hasira, liachwe. Likifutwa litakwenda mahali pengine pasipo na mtu wa kulijibu, na huko litaota meno. Cha kufuta ni lile neno linalomtoa mtu katika watu: mdudu, nyoka, uchafu, ugonjwa. Mara nyingi ni rahisi kulitambua, kwa sababu halimtaji mtu kwa jina. Linasema "hao".

Jirani zetu walijifunza kwa bei kubwa zaidi. Rwanda, redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, mwaka mmoja tu baada ya mambo ya Likasi, na neno lake lilikuwa inyenzi, mende. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu watu watatu, wawili wa redio hiyo na mmoja wa gazeti la Kangura. Rufaa ilipunguza vifungo mwaka 2007, ila msingi ulibaki: kusema kunaweza kuwa kosa la jinai la ngazi ya juu. Kwa Katanga haikufika huko. Kyungu aliondolewa ugavana mwaka 1995, baadaye akaanzisha chama cha UNAFEC, akaongoza bunge la jimbo, na mwaka 2016 akajikuta tena katika muungano mmoja wa upinzani na Tshisekedi yule yule. Alifariki Agosti 2021. Wakubwa walishikana mikono. Wale wa kituo cha treni hawakuitwa kwenye meza hiyo.

Sasa telefoni. Tofauti moja na redio ni kwamba kila mtu ana kipaza sauti. Tofauti ya pili ni vokali, ule ujumbe wa sauti. Vokali moja iliyosemwa kwa Kiswahili cha hapa, na mtu asiyejulikana, inapita kutoka kundi la Kikula hadi la Lubumbashi hadi la Brussels bila kubadilika hata pumzi. Anayesikia anasikia lugha ya nyumbani na anadhani ni mtu wa nyumbani. Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliona hatari: mwaka 2019 iliweka kwa dunia nzima kwamba ujumbe unapelekwa mbele kwa makundi au watu watano tu kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliokwisha kupitishwa sana ukabaki kwa mmoja mmoja. Tangu 2018 adimini anaweza kufunga kundi ili maadimini peke yao waandike, na tangu 2022 anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote kwa watu wote. Gavana wa 1992 hakuwa na mtu juu yake wa kufanya hivyo. Adimini wa kundi la watu 200 ana uwezo huo kidoleni.

Serikali nayo ina njia zake. Kuna ile ya kibabe: tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Hiyo ni sawa na kufunga soko zima kwa sababu ya mwizi mmoja, na matusi hayakupungua iliporudi. Kuna ile ya sheria: Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu anayesambaza kwa kompyuta au telefoni ujumbe wa kikabila au wa chuki. Ni vizuri iwepo. Lakini ile ya 1966 nayo ilikuwepo. Hakimu anafika baada ya nyumba kuungua. Aliye macho saa nne za usiku vokali inapoingia ni adimini.

Na vokali zinaingia. Tangu 2019, nchi ikiongozwa na Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, maneno ya mwenyeji na mgeni yamepanda tena, na kila treni inayoshusha watu kutoka Kasai inaleta mjadala. Mei 2022 maaskofu wa Kikatoliki waliita Lubumbashi mkutano wa umoja na maridhiano wa Wakatanga, maana hata wao kwa wao walikuwa wamefikia kutupiana maneno. Mikutano kama hiyo inasaidia. Ila mwisho wake watu wanarudi nyumbani na kufungua telefoni.

Adimini anayetaka njia ya wazee anaweza kuazima kwenye bunungwe. Kwanza, anayechekwa awe ndani ya kundi. Kumcheka kabila ambalo halina hata mtu mmoja pale wa kujibu si utani. Pili, anayekosea aitwe pembeni, faraghani, kama mtoto anavyoitwa na mjomba, kwa sababu mtu akiaibishwa mbele ya watu 200 atatafuta watu 200 wengine wa kumshangilia. Ujumbe ufutwe mara moja, mtu aongeleshwe baadaye. Akirudia, atoke, hata kama ni shemeji yako au mkubwa wa chama. Hapo ndipo maadimini wengi wanashindwa, na hapo ndipo 1992 ilishindwa. Na kwa habari ya kuzikana: makundi mengi ya Likasi yanachanga feza za msiba. Mtu aliyechangia jeneza la jirani ana haki kubwa zaidi ya kumtania kuliko yule anayetuma vokali kutoka mbali bila jina.

Linabaki jambo moja ambalo haliishi kwa kufuta. Kuna nyumba Likasi, Panda, Shituru, Kikula, zilizobadili wenyewe katika miezi ile ya 1992 na 1993: nyingine zilichukuliwa, nyingine ziliuzwa kwa bei ya tiketi ya treni. Watoto wa waliotoka na watoto wa walioingia leo wako katika kundi moja la wanafunzi wa zamani, na siku moja mmoja wao atatuma picha ya mlango anaoukumbuka na kuuliza nani anakaa pale. Atauliza kwa adabu au kwa hasira, lakini hatakuwa ametukana. Wengine watadai kundi lifungwe haraka, kwa ajili ya amani. Kundi libaki wazi. Mwenye kukaa ndani ya nyumba ile ajibu, na adimini asubiri, kidole kikiwa mbali na kitufe, mpaka waseme wote wawili.